Transfoma Haifi Peke Yake

  

Leo nazungumza na watu wa gitaa: wapigaji, wenye bendi, viongozi wa kwaya, na mafundi wanaowategemea. Tuseme ni Jumamosi jioni hapa Mbale, pale Malukhu, kwenye kanisa la mabati upande wa viwandani. Vijana wanafanya mazoezi ya ibada ya kesho. Amplifaya ya gitaa, ambayo ndugu wa muumini mmoja aliituma kutoka ng'ambo, inaanza kunguruma kuliko ilivyozoeleka. Harufu kali ya vanishi inayoungua inajaa chumbani. Fyuzi inakatika, taa nyekundu inazimika. Jumatatu fundi anaifungua, ananusa, anasema transfoma imekufa. Kanisa linachanga, transfoma nyingine inapatikana, inafungwa, gitaa linalia vizuri. Baada ya wiki mbili harufu ile ile inarudi.

Wengi wenu mnaijua habari hii, maana imewakuta kanisani kwenu au kwenye bendi yenu. Basi jambo langu la leo ni moja. Transfoma ya umeme ndani ya amplifaya ni kifaa kigumu kuliko vyote vilivyomo. Haina kinachozunguka wala kinachosuguana. Ikitunzwa, inaweza kudumu kuliko mwenyewe aliyeinunua. Ukiikuta imeungua, jua kuna kilichoiunguza, na kubadilisha transfoma bila kukitafuta kilichoiunguza ni kuitoa ya pili kafara. Kazi ya kununua na kufunga ndiyo ya mwisho. Kabla yake kuna kazi ndefu ya upelelezi, na hiyo ndiyo inayomtofautisha fundi na mtu mwenye bisibisi.

Tuanze Jinja. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi tunaliita Nalubaale. Umeme unaotoka kwenye mabwawa yetu unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde, yaani hezi 50, na ukifika kwenye soketi ya nyumba yako unatakiwa uwe wa volti 240. Amplifaya haiwezi kuutumia ulivyo. Amplifaya ya valvu, zile taa za kioo zinazong'aa kwa ndani, inahitaji volti 6.3 za kupashia valvu moto, na inahitaji pia volti nyingi sana, pengine 325 kwa kila upande, ambazo zikishanyooshwa zinapita 400. Amplifaya ya transista inahitaji volti chache, labda 35 kwa kila upande. Kazi ya kuzigawa volti hizo ni ya transfoma. Umeme unaingia kwenye koili moja ya waya wa shaba, unaugeuza mrundo wa bati za chuma kuwa sumaku, na sumaku hiyo inazaa umeme mpya kwenye koili nyingine ambazo hazigusani kabisa na ile ya kwanza. Kutogusana huko ndiko kunakokulinda wewe uliyeshika nyuzi.

Na kwa kuwa nimeitaja shaba: zamani shaba ya Kilembe, kule Kasese, ilikuwa ikiletwa Jinja kwa reli na kuyeyushwa hapo. Mashariki hii si ngeni kwa shaba wala kwa umeme. Ndiyo maana huniuma kuona mrundo mzuri wa chuma na shaba ukipimwa kwa kilo kwenye mizani ya chuma chakavu, wakati koili yake ingeweza kusukwa upya palepale mtaani. Nitarudi kwenye hilo.

Sasa wauaji. Wa kwanza anatoka nje, na mara nyingi anakuja pamoja na zawadi. Amplifaya iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani inataka volti 120 na hezi 60. Ikitoka Uingereza hakuna tabu, maana sisi na wao tunatumia umeme wa namna moja na hata plagi ya pini tatu za bapa ni ile ile. Ikitoka Marekani, isome nyuma kabla hujaichomeka. Ikichomekwa moja kwa moja kwenye 240, koili ya kwanza inapewa mara mbili ya inachokiweza, na ikiwa fyuzi haikuwahi, transfoma huungua pale pale. Wengine hununua kishusha volti cha 240 kwenda 120, na wamefanya vema. Lakini kishusha volti hakibadilishi hezi. Transfoma iliyosukwa kwa hezi 60 tu, ikilishwa hezi 50, chuma chake hubeba sumaku zaidi kwa asilimia 20. Inafanya kazi, lakini inachemka. Kwenye mazoezi ya saa moja inavumilia. Kwenye mkesha wa usiku kucha, chini ya bati, haivumilii. Tafuta kibandiko: kama kimeandikwa 50/60, umepona.

Wa pili anatoka kwenye nguzo. Umeme wa mtaani unakuja kwa laini tatu na nyutro moja. Kati ya laini na nyutro kuna volti 240. Kati ya laini na laini kuna 415. Nyutro ikikatika nguzoni, nyumba zinaanza kugawana zile 415 bila usawa. Kwako balbu zinafifia, kwa jirani zinang'aa kama za uwanja wa mpira kisha zinapasuka. Ukiona hivyo, zima swichi kubwa ya nyumba mara moja, usisubiri kuuliza. Kuna radi pia. Mtabiri wa hali ya hewa hahitajiki kutuambia sisi wa chini ya Mlima Elgon. Hesabu inayotajwa sana katika vitabu vya hali ya hewa inasema jirani yetu Tororo imewahi kuhesabiwa siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Anayeacha amplifaya kwenye soketi usiku wa mvua mashariki mwa Uganda anacheza na moto. Chomoa plagi. Kuzima swichi ya amplifaya peke yake hakutoshi.

Na jenereta. Miaka ya tohara ya Imbalu, mwaka wenye namba shufwa, ngoma za kadodi zikitulia usiku kuna muziki wa kukodi unaoendeshwa kwa jenereta ndogo ya petroli. Jenereta ya kawaida hutoa hezi 50 injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika. Injini ikichoka ikashuka hadi 2500, hezi zinashuka hadi karibu 42, na kifaa cha kurekebisha volti kinajitahidi kuzibakiza zile 240. Volti zile zile na hezi pungufu: chuma cha transfoma kinashiba kuliko uwezo wake na kuanza kuvuta mkondo wa bure unaogeuka joto. Mwenye bendi atasema umeme ulikuwa sawa kwa sababu alipima volti. Apime na hezi. Mita nyingi za siku hizi zina nafasi hiyo.

Wa tatu yumo ndani. Kwenye amplifaya ya valvu, valvu ya kutoa nguvu ikichakaa inaweza kugusanisha vipande vyake vya ndani, na volti zote zile kubwa zikapata njia fupi ya kwenda kwenye chesisi, ule mwili wa chuma wa amplifaya. Kapasita kubwa za kuchuja umeme zikizeeka zinavuja, na mwisho zinakuwa kama waya mtupu. Kwenye amplifaya ya transista, daiodi moja tu ya kunyoosha umeme ikifa kwa kushoti, transfoma inajikuta imefungwa mdomo kwa mdomo. Kila mmoja wa hawa anaua transfoma polepole, na hakuna hata mmoja anayeondoka kwa sababu umeleta transfoma mpya. Ndiyo siri ya zile wiki mbili.

Lakini aliye mbaya kuliko wote, wasikilizaji, na hapa nasema kwa uchungu, ni kipande cha waya kilichofungwa mahali pa fyuzi. Au ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi imewekwa ife ili transfoma ipone. Inakatika mara ya kwanza kwa sababu valvu ina shida, mtu ana haraka, ibada inaanza, anafunga waya, gitaa linalia, kila mtu anashukuru. Kuanzia saa hiyo transfoma ndiyo imekuwa fyuzi. Na usidanganywe na fyuzi iliyomo kwenye plagi ya pini tatu. Ile ya ampea 13 ipo kuulinda waya wa plagi usiwake moto. Inaruhusu zaidi ya wati 3000 kupita. Amplifaya ya wastani inavuta labda wati 150, ambazo kwa volti 240 hazifiki hata ampea moja. Transfoma inaweza kuungua hadi ikawa mkaa na fyuzi ya plagi isijue. Fyuzi inayoilinda ni ile ndogo ya kioo nyuma ya amplifaya, na thamani yake imeandikwa pale pale. Ikiwa na herufi T, ni ile inayovumilia mshtuko mfupi wa kuwasha. F ni ile isiyovumilia. Na ukiwa umeibadilisha amplifaya kutoka 120 kuwa 240, mkondo umepungua nusu, basi na fyuzi ipungue nusu: iliyokuwa ya ampea 2 iwe ya 1.

Haya, amplifaya iko mezani. Kabla ya kugusa chochote, nisikilizeni kwa makini zaidi hapa kuliko popote. Plagi ikishachomolewa, amplifaya ya valvu bado inaweza kuua. Zile kapasita kubwa hubaki na volti 400 na zaidi, nyingine kwa dakika, nyingine kwa muda mrefu kuliko unavyodhani. Chukua rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5, iwe na nyaya zilizofunikwa vizuri, uunganishe kutoka kwenye kapasita hadi kwenye chesisi, uiache kitambo, kisha upime kwa mita hadi volti zishuke chini ya 10. Pima kila kapasita, kwa kuwa moja ikiisha haimaanishi kwamba nyingine imeisha. Mkono mmoja ufanye kazi na mwingine ukae mfukoni, ili umeme ukikosea njia usipite kifuani. Na kama wewe ni kijana unayejifunza kwa kutazama tu, anza na amplifaya ya transista. Valvu zitakungoja.

Upelelezi wenyewe unaanza na sikio, na mpigaji gitaa ana sikio tayari. Bonyeza uzi mnene kabisa, ule wa E, kwenye freti ya tatu. Sauti utakayoipata ni G, ambayo ina hezi 98. Mngurumo wa umeme ulionyooshwa lakini haukuchujwa vizuri una hezi 100 hapa kwetu, kwa hiyo utausikia ukiwa jirani kabisa na G hiyo, juu kidogo. Ukiusikia kwenye spika, shuku kapasita za kuchuja. Ukisikia mngurumo wa oktava moja chini yake, hezi 50, mara nyingi shida ni ethi au waya wa gitaa lenyewe. Na ukiusikia ule wa hezi 100 hata spika ikiwa imechomolewa, unatoka kwenye mwili wa transfoma: bati zimelegea, au transfoma imebebeshwa mzigo mzito.

Kisha kuna balbu. Hiki ndicho kifaa ninachotamani kila kibanda cha fundi kuanzia Kumi Road hadi soko la Jinja kiwe nacho, nacho hakina gharama. Ni balbu ya zamani ya waya unaong'aa, ya wati 60 hadi 100, iliyofungwa kwenye laini ili umeme wote uende kwanza kwake kabla ya kufika kwenye amplifaya. Balbu ya LED haifai, na zile za waya zimeanza kuadimika madukani; jaribu kwa wauza vifaa vya kuku, maana wafugaji bado wanatumia balbu za joto kwa vifaranga, na tafuta ya wati chache. Toa fyuzi ya waya, weka ya haki. Toa valvu zote. Washa. Balbu ikiwaka kwa ghafla kisha ikafifia karibu izimike, transfoma ina matumaini. Ikiendelea kung'aa, ondoa nyaya zote zinazotoka upande wa pili wa transfoma, kila mmoja ukiufunika ncha yake usiguse kitu, uwashe tena. Sasa transfoma haina mzigo wowote. Balbu bado inang'aa? Basi imekufa kweli, kuna mizunguko imegusana ndani. Balbu imefifia? Transfoma ni nzima, na ulikuwa karibu kuitupa isiyo na hatia. Muuaji yuko kwenye nyaya ulizozikata. Zirudishe mmoja mmoja hadi balbu ing'ae, nawe utakuwa umemshika.

Mita ya omu peke yake haitakuonyesha hilo. Mizunguko miwili ikigusana kati ya mizunguko 700, omu hazibadiliki kiasi cha kuonekana, ilhali pete hiyo ndogo inazungusha mkondo mkubwa hadi inageuka jiko. Mita inafaa kwa jambo jingine: ikikuonyesha koili ya kwanza imekatika kabisa, na hakuna harufu wala alama ya moto, usikate tamaa. Transfoma nyingi, hasa za amplifaya ndogo, zina fyuzi ya joto iliyofichwa chini ya utepe wa nje wa koili. Fungua utepe kwa wembe, taratibu. Ukikuta kidude hicho kimekatika, weka kingine cha nyuzi joto zile zile zilizoandikwa juu yake. Usiunganishe waya mtupu, kwa sababu zile zile nilizokwisha kuzisema. Na bado uulize: kilichokipasha joto hadi kikakatika ni nini?

Kuna pia zile zilizoloa. Usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika hapa Mbale, watu walipoteza maisha, na hilo ndilo la kwanza na la mwisho la kukumbukwa. Lakini mafuriko huacha pia vyombo vya kazi vilivyojaa tope, na mtu aliyenusurika anahitaji chombo chake. Transfoma iliyoloa si lazima iwe imekufa. Ndani yake kuna karatasi, na karatasi hushika maji muda mrefu baada ya chuma kukauka. Ioshe tope kwa maji safi, ikae juani siku nyingi au mahali penye joto la wastani, mbali na moto wa mkaa, kisha fundi mwenye mita ya kupima insulesheni aipime kati ya koili na koili, na kati ya koili na chuma. Aliyewasha ili aone kama inafanya kazi ndiye aliyeimaliza.

Sasa tumethibitisha. Imekufa, na muuaji ameshikwa. Tunapata wapi nyingine? Kuna wanaoagiza kutoka nje, na kama amplifaya ni ya jina kubwa utapata inayolingana skrubu kwa skrubu. Kuna wanaozunguka Katwe kule Kampala au Luthuli Avenue kule Nairobi wakitafuta iliyotoka kwenye mashine iliyokufa. Hapo naomba uangalifu. Transfoma ya UPS ya kompyuta inashawishi kwa uzito wake, lakini nyingi zimetengenezwa zifanye kazi dakika chache umeme ukikatika. Na volti zilingane. Amplifaya ya transista iliyokuwa na 35 kwa kila upande inapata karibu 49 baada ya kunyooshwa. Ukiipa ya 45, inapata zaidi ya 63, na kapasita zilizoandikwa volti 50 zitapasuka usoni pako, transista zikizifuata.

Mimi napenda njia ya tatu, nayo ni ya kwetu. Mbale ina mafundi wanaosuka upya mota za mashine za kusaga posho, kazi ngumu inayotaka hesabu na vidole. Fundi wa namna hiyo anaweza kusuka transfoma ya gitaa, akipewa muda na akikubali kwamba si kazi moja na mota. Kwenye mota, waya unarundikwa ndani ya mfereji. Kwenye transfoma, kila safu ilazwe mzunguko kando ya mzunguko, na karatasi ya insulesheni ipite kati ya safu na safu, kwa kuwa safu ya juu na ya chini zinaweza kutofautiana kwa mamia ya volti.

Hesabu ya mizunguko hufichuka kirahisi ukijua pa kuanzia. Usianze na koili ya kwanza yenye waya mwembamba. Anza na ile ya volti 6.3 ya kupashia valvu, ambayo ina waya mnene na mara nyingi iko juu kabisa. Ihesabu unapoifungua. Ukipata mizunguko 19, gawanya: ni mizunguko 3 kwa kila volti. Basi ya 240 inahitaji 720, na ya 325 inahitaji 975 kwa kila upande. Ukitaka kuhakikisha, pima pale koili inapopita katikati ya chuma. Kwa bati za kawaida na hezi 50, chukua 37.5 ugawanye kwa eneo hilo katika sentimita za mraba. Chuma cha sentimita 2.5 kwa 5 kina eneo la 12.5, na jibu ni 3 kamili. Kwa amplifaya inayovuta wati 150, waya wa koili ya kwanza wa kipenyo cha milimita 0.56 unatosha. Na ikiwa ile ya zamani ilisukwa kwa hezi 60 tu, usimuige aliyeisuka: mizunguko 3 kwa volti iwe 3.6, kwenye koili zote, kama nafasi inaruhusu. Ukifanya hivyo, amplifaya ile ya Marekani inakuwa ya Malukhu kabisa, haihitaji tena kishusha volti wala haichemki kwenye mkesha.

Bati zirudishwe kwa kupishana, zibanwe hasa. Kisha vanishi: transfoma ichovywe yote hadi mapovu yaishe, ikaushwe kwa joto. Fundi anayepaka vanishi juu juu kwa brashi anakuachia mngurumo wa maisha.

Kufunga si kazi kubwa, ila jambo moja sitalipita haraka, nalo ni rangi. Transfoma ya Kimarekani kwa kawaida ina nyaya nyeusi za umeme unaoingia, nyekundu za volti kubwa, njano za valvu ya kunyoosha, na kijani za volti 6.3. Katikati ya ile koili ya 6.3 kunatoka waya wa kijani wenye mstari wa njano. Sasa tazama waya wa plagi yako hapa Uganda: kahawia ni laivu, buluu ni nyutro, na kijani chenye njano ni ethi. Rangi moja, kazi mbili. Fundi anayeharakisha anaona kijani na njano kutoka kwenye transfoma, anaufunga kwenye chesisi, anajiambia ethi tayari, na ule wa plagi anaukata. Amplifaya italia vizuri kabisa, kwa sababu waya ule wa transfoma mara nyingi huishia kwenye chesisi hata hivyo. Lakini chesisi sasa haina ethi. Siku laivu ikigusa chuma, chuma chote kinakuwa laivu, na nyuzi za gitaa zimeunganishwa na chuma hicho. Mpigaji ana vidole kwenye nyuzi na midomo kwenye maikrofoni. Sitaki kueleza zaidi. Waya wa ethi wa plagi uwe na skrubu yake mwenyewe kwenye chesisi, na uwe mrefu kuliko wenzake, ili waya ukivutwa uwe wa mwisho kuchomoka. Na kama amplifaya ya zamani imekuja na plagi ya pini mbili, siku hiyo hiyo ya transfoma iwekewe waya wa nyuzi tatu.

Kama transfoma yako ni ya duara, ile ya pete, kumbuka skrubu inayopita katikati yake isiguse chuma cha kasha kwa juu na kwa chini kwa wakati mmoja. Ikigusa kote, imekuwa mzunguko mmoja ulioshotiwa, na transfoma mpya itaungua siku ya kwanza.

Washa kwa mara ya kwanza ukiwa na balbu yako kwenye laini na valvu zikiwa nje. Balbu ififie. Ondoa balbu, pima: 6.3 inaweza kusoma karibu 7 bila mzigo, na pande mbili za volti kubwa zilingane. Zima, toa umeme kwenye kapasita, rudisha valvu, washa tena. Acha iwake robo saa. Weka kiganja juu ya transfoma: joto unaloweza kulivumilia ni la kawaida, likikufukuza mkono, kuna mzigo bado, rudi mezani. Ikishavumilia hapo, mpe mpigaji apige saa nzima kwa sauti ya ibada, halafu uishike tena.

Kabla ya kurudisha skrubu za mwisho, chukua kalamu ya wino usiofutika uandike ndani ya kasha, mahali ambapo fundi atakayefuata, pengine mtoto aliyeko shule ya msingi leo, ataona. Andika tarehe. Andika volti ulizopima, kila koili. Andika mizunguko kwa kila volti, kama ulisuka upya. Andika kilichoiua transfoma ya kwanza: valvu, au daiodi, au umeme wa nje. Na kando ya kishikio cha fyuzi, kwa herufi kubwa, andika thamani yake na aina yake.